Chura wa Mguu Mmoja

Nilikuna nazi arobaini na moja ili nisicheze.

Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu watu wakisikia mguu wangu ulilala miezi minane, wanadhani bodaboda. Wanaandaa uso wa huruma, wanauliza, "Bodaboda, eh?" Mie nikisema nazi, ule uso haujui uende wapi.

Ilikuwa harusi ya binti wa shangazi, dada yake baba, anayekaa Temeke. Shangazi ni mtu wa sauti. Akiongea na simu, jirani wa nyumba ya tatu anajibu. Na kwake mtu haji harusini kutazama. Lazima akuvute katikati, wanawake wakuzunguke na kukupigia makofi mpaka ukate kiuno. Mie nina miaka kumi na sita, na nikisimamishwa darasani kujibu swali masikio yanapata moto. Kukata kiuno mbele ya ukoo mzima, hapana. Nikaangaza angaza, nikaona mahali pamoja tu ambapo hakuna anayemsumbua mtu: uani, kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Siku hizi watu wananunua nazi iliyokunwa na mashine sokoni, ila shangazi alikuwa ameapa kwamba wali wa harusi ya mwanawe hautapikwa kwa nazi ya mashine, eti inanuka chuma.

"Shangazi, lete nitakuna mie," nikasema.

Akanibusu shavuni mbele za watu. "Mtoto ana adabu huyu! Mnamuona mwenzenu?"

Adabu haikuwepo. Ulikuwa woga mtupu.

Sasa, mbuzi unaikalia kwa kuipanda, mguu huku na mguu huku. Lakini tulikuwa tumeshonewa sare, gauni lililobana kuanzia kiunoni mpaka magotini, mguu mmoja hauendi popote bila mwenzake. Nikakaa upande. Mguu wa kulia nikaukunja chini yangu, goti likaegemea ubao. Ngoma ikapigwa, nikaongeza nazi. Wakaita mabinti waingie kati, nikaongeza nazi. Walipokuja kunichungulia nikawaonyesha mikono, imejaa nazi mpaka kwenye viwiko, wakarudi zao. Saa nne nzima sikubadili mkao, maana kubadili mkao ni kusimama, na kusimama ni kuonekana.

Nilipoinuka, mguu haukuja.

"Ganzi hiyo," shangazi akasema. "Kanyaga kwa nguvu."

Nikakanyaga. Unyayo ukajibwaga sakafuni, chwap, kama kandambili iliyolowa. Nikajaribu kuvinyanyua vidole juu. Ilikuwa kama navipa amri vidole vya mtu mwingine, na mwenyewe kaenda safari. Kusukuma chini niliweza, hata kusimama kwa ncha niliweza kidogo. Kunyanyua ndiyo hakuna kabisa.

Kufika kesho yake ukoo ulikuwa na maelezo matatu. Mmoja alisema ni upepo. Wa pili alisema kuna mtu kaisifia miguu yangu bila kusema mashallah, jambo ambalo, kusema kweli, lilinifurahisha kidogo. Wa tatu alisema nimeruka maji ya kuoshea vyombo. Daktari yeye alinigonga goti kwa kinyundo, akabonyeza kile kifupa kilicho upande wa nje chini ya goti, akauliza nilikaaje. Nikamwonyesha. Akaniomba nionyeshe tena, nadhani kwa raha yake tu. Halafu akaeleza kwamba pale pembeni ya goti unapita mshipa wa fahamu, uko juu juu karibu na ngozi, na ndio unaouamrisha unyayo kupanda. Mie nimeuegemeza ubaoni kwa saa nne. Haujakatika, umebanwa.

"Utapona lini?" mama akauliza.

"Mishipa hii haina haraka, mama."

"Lakini utapona wote?"

"Mara nyingi, ndiyo."

Mama aliisikia ile "mara nyingi" na hakuisahau.

Nikapewa kifaa cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu ili unyayo usining'inie. Shuleni kikanisaidia kutembea, lakini sauti hakikuimaliza. Kwa mtu asiyetaka kuonekana, hakuna adhabu kama mguu wenye sauti. Chwap, chwap, darasa zima linajua nani anatoka chooni. Nikaanza kusubiri kengele ilie ndiyo nitembee, niifiche sauti yangu kwenye kelele za wengine. Nyumbani nilifanya mazoezi niliyopewa: kukaa kitini, kuutazama unyayo, kuuambia panda. Mama akipita ananikuta nimeutumbulia macho kama mtu anayemsubiri mgeni asiyepokea simu. Mwezi wa sita tangu harusi kidole gumba kikanyanyuka kidogo, kama mwanafunzi anayenyoosha mkono na hana uhakika na jibu. Nikapiga kelele. Mie! Mama alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani nyoka.

Lakini nilichokuwa nakililia moyoni si kutembea. Ni bahari.

Sie kwetu kila mwaka, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, tunafanya vunja jungu. Wanawake wote wa ukoo na watoto wanakutana ufukweni, huku huku upande wetu wa Bunju, na masufuria, majamvi na maneno. Watu wazima wanakaa jamvini. Wanaojua kuogelea wanakwenda mpaka kwenye fungu, kile kilima cha mchanga kilicho chini ya maji, ambapo hata maji yakijaa unasimama. Mie nilikuwaga wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Mama ni mzaliwa wa Msasani, na alinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka sita, staili yao ya chura: kichwa nje, mikono inafungua maji kama pazia, miguu inakunja na kusukuma. Majini hakuna anayeniuliza kitu. Majini hata nacheka kwa sauti. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kinachoonekana ni kichwa tu.

Na asiyeogelea anakaa jamvini. Jamvini wapo shangazi na mama wakubwa wanne. Wanaanza: Kidato cha ngapi sasa? Mbona hunenepi? Mbona huongei? Ongea basi tukusikie. Halafu wananyamaza wote kwa pamoja, wanakutazama, wanasubiri uongee.

Wiki tano kabla ya vunja jungu nilimfuata mama jikoni.

"Mama, mwaka huu naingia."

Hakugeuka. "Unaingia wapi?"

"Baharini."

"Na mguu huo?"

"Unanyanyuka sasa. Kidogo."

"Bahari haijui kidogo." Akazima jiko, akanigeukia. "Nisikilize. Mie nimezaliwa Msasani, na nimeona waliojua kuogelea kuliko wewe wakibebwa. Kuna bwawa pale Boko, Jumamosi asubuhi ni wanawake tu. Nenda. Siku utakayotoka kwenye ngazi mpaka ukuta wa mwisho umenyooka, hujashika ukingo, hujashikwa na mtu, na mie nakuona kwa macho yangu, utaingia baharini. Usipoweza, utalinda masufuria."

Kulinda masufuria ni jamvini. Nilikuwa na Jumamosi nne.

Mama Jumamosi anakuwa kazini, kwa hiyo ikabidi apatikane mtu mzima wa kunisindikiza. Shangazi akajiteua. Tangu harusi alikuwa na kitu moyoni, kila akinipigia simu anaanza na "Nazi zangu zimeniulia mtoto." Kutoka Temeke mpaka Boko ni kuuvuka mji mzima, lakini saa mbili kamili alikuwa getini na kikapu cha vitumbua. Cha ajabu alikuwa amevaa suruali ya kubana, dera juu yake, na kofia ya kuogea bafuni yenye maua.

"Shangazi, kwani na wewe unaogelea?"

"Maisha yangu sijawahi kuingia maji yanayopita kiuno. Lakini wewe ukizama nitakutazamia wapi, juu?"

Basi akashuka ngazi moja moja, ameshika bomba la pembeni kwa mikono miwili, anasoma kila dua anayoijua. Maji yalipomfika tumboni akatangaza kwamba amefika.

Nikajirusha. Mwili uliyakumbuka maji palepale, nilitaka kulia. Nikafungua mikono, nikakunja miguu, nikasukuma. Wa kushoto ukasukuma kweli. Wa kulia, ambao unatakiwa ukunje unyayo ndiyo uyashike maji, ukapita katikati ya maji kama kijiko katikati ya uji. Nikasukuma tena. Nikaanza kugeuka. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, nikageuka zaidi, na kabla sijajua nimeelekea wapi nikamgonga mtu mbavuni.

Upande wa kulia wa bwawa palikuwa na kundi la wanawake kama sita, wanaokuja kila wiki kushika ukingo na kuzungumza. Niliyemgonga alikuwa mama mmoja mnene mwenye kofia ya njano. Nikatoa kichwa majini, maji yananitoka puani, nikasema kitu cha kwanza kilichonijia.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema, anajisugua mbavu. "Mwanangu, huna breki?"

Siku ile nilimwamkia mara nne.

Jumamosi ya pili wale wanawake walikuwa wamejipanga. Nikianza tu, wa kofia ya njano anaita, "Anakuja huyo!" na wote wanajibana ukutani. Shangazi alikuwa na dawa yake. Alikuja na mpira wa kiunoni wa shimizi, akaufunga kutoka vidoleni mwangu mpaka chini ya goti, unyayo ukasimama wima kama askari. Nikaenda nusu ya bwawa nimenyooka! Shangazi anashangilia kwa vigelegele, bwawa zima linageuka, mie natamani kuzama kwa hiari. Katikati mpira ukafyatuka, chubwi. Nikarudi kwenye njia yangu ya zamani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo umechelewa."

Jumamosi ya tatu sikufika hata nusu. Niliichoka kona ile, nikaichoka sauti yangu mwenyewe ikiamkia. Nikaenda chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa kwenye benchi la saruji na kulia. Naandika ukweli: sikulia kwa kuumwa wala kwa kukata tamaa ya maana. Nililia kwa sababu niliwaona wale mama wakubwa wanne wananyamaza na kunitazama.

Shangazi akanifuata, dera linachuruzika maji njia nzima.

"Mguu unauma?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa?"

Sijui ilikuwaje. Labda kwa sababu alikuwa na ile kofia ya maua, mtu huwezi kumwogopa sana. Nikamwambia yote: kwamba naogopa jamvi, kwamba siku ya harusi sikukuna nazi kwa adabu, nilikuwa nakimbia kucheza.

Akanikodolea macho. "Nazi arobaini?"

"Na moja."

"We mtoto! Si ungesema? Ningekutuma dukani!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafuta machozi, mie nikidhani ni ya kicheko, akasema taratibu, "Miezi minane mie silali nikijua nimekutumikisha, kumbe ulikuwa mafichoni. Haya, inuka. Hatujaja hapa kukaa benchi. Na mie nataka kujifunza kitu, nimechoka kusimama majini kama nguzo."

Nikaona bora nimfundishe yeye kuliko kumwamkia yule mwingine. Nikamwonyesha zoezi la watoto: unashika bomba, unalala kifudifudi, miguu imenyooka nyuma, unaipiga juu chini, juu chini. Alisimama nyuma yangu atazame. Nikaanza kupiga.

"Weee!" akapiga ukelele. "Unanilowesha!"

"Si tuko majini, shangazi?"

"Sikiliza basi. Huu mzima haunimwagii kitu. Huu mbovu ndio unanipiga na maji usoni. Mbona huu mbovu ndio una nguvu?"

Nikaacha. Nikaanza upya, taratibu, nikiusikiliza mguu. Alikuwa anasema kweli. Kwenye chura unyayo unatakiwa ukunje, na wangu haukunji. Lakini kwenye kupiga juu chini unyayo unatakiwa unyooke kama mkia, ulegee, na wangu kwa miezi minane haukuwa na kazi nyingine zaidi ya kunyooka na kulegea. Mguu mzima ndio uliokakamaa!

"Shangazi, kaa pembeni."

"Nikae pembeni nishike nini?"

Nikaweka uso majini, jambo ambalo mama hakunifundisha kwa sababu wao Msasani kichwa kilikuwa nje kuangalia mawimbi, nikarusha mkono mmoja, nikarusha wa pili, nikapiga miguu. Nikameza maji mengi. Nilipoinua kichwa nilikuwa mbali na ngazi, kona ya kulia iko kulia, na yule mama wa kofia ya njano ananitazama kana kwamba nimemkosea adabu.

"Leo huniamkii?" akauliza.

Wiki ile sikuwa na bwawa, nilikuwa na beseni. Naweka uso ndani, natoa puani, nageuza shavu, navuta hewa. Mama akinikuta anasema kimya kimya "mtoto kachanganyikiwa," lakini kimya cha kusikika.

Jumamosi ya nne aliomba ruhusa kazini, akaja. Alisimama ukingoni na mkoba wake begani, viatu vya kazini miguuni, kama mkaguzi. Shangazi alikuwa majini tayari, ameshika bomba kwa mkono mmoja tu, anajitamba.

"Wifi," mama akamwambia, "wewe unaogelea au unalinda bomba?"

"Njoo ndani ndiyo unisute vizuri, wifi yangu. Huko nchi kavu hata kuku ni hodari."

Nikavua kifaa changu, nikakiweka chini ya benchi. Kutoka benchi mpaka ngazi ni hatua kumi hivi, chwap kumi, na wanawake wote wamenyamaza. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya siku ile. Nikaingia. Nikamtazama mama. Hakutabasamu, alikuwa anaufinya mkanda wa mkoba.

Nikaanza.

Pumzi tano za mwanzo zilikuwa nzuri. Ya sita nikavuta maji badala ya hewa, kifua kikashtuka, na mwili ukafanya ulichozoea: kichwa juu, miguu ikunje, chura. Papo hapo nikaanza kugeuka kulia. Nikasikia sauti ya njano, "Anakuja huyo! Jibaneni!" Nikaona uso wa mama, amepiga hatua moja mbele, mkoba umeshuka mpaka kiwikoni. Ukingo ulikuwa hapo, mkono ungefika. Ningeushika, angenitoa, angenifuta kichwa na khanga, na mambo yangeisha kwa upole.

Nikakohoa, nikarudisha uso majini. Chini kuna mstari wa vigae vya buluu. Nikaupata. Nikawaza kitu kimoja tu, mkia, mkia, mkia, na huku nyuma yangu nasikia miguu miwili inapiga, mmoja kwa juhudi na mmoja kwa uvivu wake, na ule mvivu ndio unaonipeleka. Mkono wangu ukagonga kitu kigumu. Nilidhani ni mtu. Nikatoa kichwa nikiwa tayari kuamkia.

Ulikuwa ukuta.

Vigelegele vya shangazi sitavieleza. Alisahau akaachia bomba, akazama, akaibuka bado anapiga vigelegele. Mama alikuja mpaka kwenye ukingo juu yangu, akachuchumaa.

"Ile siyo chura," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na katikati pale umepinda."

Moyo ulikuwa unapiga kuliko miguu.

Akautazama mstari wa vigae kutoka huku mpaka kule, kama anaupima. "Umepinda, halafu umejinyoosha mwenyewe," akasema. "Hujashika. Nimekuona." Akainuka, akanipa kisogo, na nikamwona anajifuta uso na ncha ya mtandio. "Haya, toka, utapata mafua."

Siku ya vunja jungu maji yalikuwa yamejaa. Nilikwenda mpaka kwenye mchanga uliolowa kwa chwap zangu, watoto wa ukoo nyuma yangu wananiigiza, nusu ya ukoo inatembea chwap chwap. Masufuria alikuwa analinda shangazi, na alikuwa anawajibia mama wakubwa maswali yangu yote kwa niaba yangu, kwa sauti niliyoisikia nikiwa majini mpaka kifuani. Kidato cha tatu! Hanenepi kwa sababu ya mazoezi! Anaongea sana, nyie ndio hamjui kusikiliza!

Nilikuwa nataka kuanza nikasikia maji nyuma yangu. Mama. Amejifunga khanga kifuani, suruali ya mazoezi ya kaka yangu chini yake.

"Nakwenda na wewe," akasema. "Siyo kwamba sikuamini."

"Ndiyo, mama."

"Nakagua tu."

Hajaogelea miaka mingapi, sijui. Akaanza na chura yake ya Msasani, kichwa nje, amenyooka kama malkia kwenye gari la wazi. Mie nikaweka uso majini. Bahari si bwawa, hakuna vigae. Chumvi iliniingia puani na wimbi likanibeba likaniweka pembeni, nikapinda, nikajinyoosha, nikapinda tena. Mguu ulikuwa umelegea nyuma yangu unapiga kazi yake. Kila nikigeuza shavu kuvuta hewa namwona mama ubavuni. Halafu nikigeuza namwona nyuma kidogo. Halafu nikigeuza sikumwona, nikashtuka, nikasimama, na mchanga ulikuwa hapo chini, laini. Fungu.

Alikuwa bado njiani. Alifika anahema, akanishika bega asimame.

"Twende turudi," nikamwambia.

"Ngoja," mama akasema. "Ngoja kwanza nipate pumzi."

Nikangoja. Akaegemea bega langu, na mie nikasimama kwa miguu yote miwili, nimempa mkono.